SOMO LA UJENZI: Chini ya Mbao Kuna Nini?



Somo la toleo hili limetokana na swali. Fundi mmoja wa mbao hapa Mitunguu amepewa kazi kule Timau. Mwenye kujenga ni kijana wa huko anayefanya kazi Ujerumani, na nyumba anamjengea mama yake. Ramani ilitumwa kwa simu. Ndani yake imechorwa sakafu ya mbao, na chini ya mbao kuna mabomba ya maji ya moto yanayozunguka chumba kizima, yakienda na kurudi kama mistari ya shamba lililolimwa. Maji yatapashwa moto na sola iliyo juu ya paa.

Fundi alituuliza hivi: "Kazi ya mbao naijua. Mabomba nayo yana mtu wake wa kuyafunga. Lakini kati ya mabomba na mbao niweke nini? Plaiwudi, chipubodi, ama nimwage simiti? Na chini ya mabomba je?"

Wengine wetu tulicheka kwanza. Hapa kwetu Mitunguu, mahali pa ndizi na jua kali, nani anataka sakafu ya moto? Lakini tulipomwuliza sababu ya kazi hiyo, kicheko kilikwisha. Mama huyo huingiza jiko la makaa chumbani mwake kila usiku wa Julai, na mtoto wake hapati usingizi huko aliko akiwaza jambo hilo.

Kwa hivyo tujifunze pamoja. Somo hili linawafaa mafundi, lakini pia linamfaa kila mwenye mzazi anayeishi katika nyumba ya mbao huko juu kwenye baridi, hata kama hana pesa za mabomba.

BARIDI YA SAKAFU INATOKA WAPI

Ukipanda kutoka Mitunguu hadi Nkubu, halafu uendelee juu, unajua mwenyewe kwamba sweta hutafutwa njiani. Kwa kawaida hewa hupungua joto karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana nyumba ileile ikijengwa hapa na ikijengwa Timau hazitakuwa nyumba moja.

Nyumba nyingi za mbao zimeinuliwa juu ya nguzo au mawe. Hiyo ni njia nzuri, kwa sababu mbao hazigusi udongo. Lakini upepo wa usiku hupita chini ya sakafu na kuingia katika kila ufa. Mbao yenyewe si adui. Inchi moja ya mbao laini kama saiprasi huzuia joto karibu sawa na inchi kumi za simiti. Shida ni nyufa, na ule upepo unaogusa mbao upande wa chini usiku kucha.

Mwenye nyumba akiona hivyo, mara nyingi hufanya moja kati ya makosa mawili. La kwanza ni kuziba matundu yote ya chini ya nyumba kwa udongo na mawe. Baridi hupungua kidogo, lakini unyevu wa ardhini hukosa pa kutokea, na baada ya misimu michache ya mvua boriti zinaoza. La pili ni baya zaidi, nalo ni kuleta jiko ndani.

JIKO CHUMBANI

Hili tuliseme wazi. Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kikimwuma, kizunguzungu na uchovu, halafu analala asiamke. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yale tunayosema "yameiva", bado hutoa sumu hiyo. Kukosa moshi si dalili ya usalama.

Kwenye sakafu ya mbao kuna hatari ya pili. Joto la kitako cha jiko hukausha mbao kila siku, na mahali pale pakiisha kuwa peusi, hushika moto kwa urahisi kuliko mbao nyingine. Kaa moja likianguka kwenye ufa usiku, hakuna wa kuliona.

Ukimkuta mtu amezidiwa katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi na umpeleke hospitali upesi, hata kama anasema amepata nafuu.

Kwa hiyo kijana aliye Ujerumani anajaribu kumwondoa mama yake kwenye hatari ya kweli. Sasa tumsaidie fundi wake.

SAKAFU ZA MOTO SI JAMBO JIPYA

Warumi wa kale walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za nyumba zao za kuogea. Huko Korea watu kwa karne nyingi wamepitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu ya mawe, na moshi ukatoka kwa bomba upande wa pili wa nyumba. Siku hizi Ulaya hutumia mabomba ya plastiki yenye maji ya uvuguvugu.

Utaona kwamba wale wa kale walitumia mawe na udongo. Mawe hupokea joto, huliweka na kulitoa polepole. Mbao huzuia joto, na pia hujikunja, hupasuka na kusinyaa ikikauka. Inawezekana kuweka mbao juu ya joto, lakini kuna masharti. Sharti kubwa ni hili: joto hupita penye njia rahisi. Ukiweka kizuizi juu ya mabomba na upepo chini yake, umepasha moto mbuzi waliolala chini ya nyumba, na mama bado anatetemeka.

Hivyo shika maneno haya mawili: JUU YA MABOMBA WEKA KIDOGO, CHINI YAKE WEKA KINGI.

JIBU KWA FUNDI: JUU YA MABOMBA

Tuangalie zile njia alizotaja, moja baada ya nyingine.

1. Simiti. Kama nyumba inaanza chini kabisa na sakafu ya zege imemwagwa juu ya ardhi, mabomba yanaweza kufunikwa na simiti na mbao zikagundishwa juu yake. Simiti hupitisha joto vizuri. Lakini ni nzito, na haifai kumwagwa juu ya boriti za mbao ambazo hazikupimwa kwa mzigo huo. Tena inachelewa kukauka. Hesabu kama mwezi mmoja kwa kila inchi, na penye ukungu ngoja zaidi. Simiti inaweza kuonekana nyeupe juu na bado ina maji ndani. Ukiifunika na mbao kabla ya wakati, mbao zitavimba na kuinuka.

2. Chipubodi. Hii ni unga wa mbao uliogandishwa na gundi. Ulaya inatumika sana, kwa kuwa nyumba zao zimefungwa vizuri na ni kavu. Kwetu paa likivuja mara moja, au bomba likitoa tone dogo, ile ya kawaida huvimba kama mkate na hairudi tena. Hatukushauri.

3. Plaiwudi. Ni imara na haisinyai sana. Ukiitumia, chagua ile iliyogandishwa na gundi isiyoogopa maji. Lakini fikiria: ukiweka plaiwudi halafu mbao juu yake, umeweka mbao mara mbili, na joto litapita kwa shida. Plaiwudi inafaa pale inapokuwa ndiyo sakafu yenyewe, au pale mbao za juu ni nyembamba sana zisizoweza kubeba mtu.

4. Bati laini la alumini. Hili fundi hakulitaja, na ndilo linalofaa zaidi kwa nyumba iliyoinuliwa juu ya boriti. Ni mabati yaliyokunjwa mfereji katikati. Bomba hulala ndani ya mfereji, na bati hueneza joto kutoka boriti moja hadi nyingine, ili sakafu isiwe na mistari ya moto na mistari ya baridi.

Kwa nyumba ya Timau, basi, jibu letu ni hili: boriti ziachane sentimita 40, bomba lilale kwenye mabati ya alumini kati ya boriti, kisha mbao za sakafu zipigiliwe moja kwa moja juu ya boriti, bila plaiwudi wala chipubodi katikati. Mbao ziwe zenye ulimi na mfereji ili kusiwe na nyufa. Unene wake baada ya kupigwa randa uwe robo tatu ya inchi hivi. Inchi nzima ni nene mno kwa joto kupita vizuri, na nusu inchi itabonyea ukiikanyaga. Upana usizidi inchi 4, maana mbao pana hujikunja kingo zake joto likiingia.

Kwa aina ya mti, muuru wa hapa kwetu Meru ni mzuri ukipatikana kwa njia halali. Saiprasi inapatikana zaidi, na inafaa ikikaushwa vizuri.

JIBU KWA FUNDI: CHINI YA MABOMBA

Hapa ndipo wengi hubana pesa, na ndipo kazi inapoharibika. Tuanze ardhini tukipanda juu.

Kwanza, ardhi iliyo chini ya nyumba isafishwe, vipande vyote vya mbao viondolewe, halafu itandikwe nailoni nyeusi ya geji 1000 na kushikiliwa kwa kokoto. Hiyo huzuia unyevu kupanda.

Pili, acha nafasi ya sentimita 45 au zaidi kati ya ardhi na boriti, ili mtu aweze kutambaa na kukagua. Acha matundu pande mbili zinazoelekeana na uyafunge kwa wavu wa waya panya wasiingie. Usiyazibe. Upepo wa chini una kazi yake, ya kukausha.

Tatu, pigilia mbao nyembamba au mabati upande wa chini wa boriti, ili kati ya boriti na boriti pawe kama trei.

Nne, jaza trei hiyo kwa kitu kinachozuia joto, unene wa sentimita 10. Kuna ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, ambayo huuzwa kwa mabamba makubwa, lakini ina gharama, na ikishika moto hutoa moshi mbaya. Jirani zetu wa Mwea wana maganda ya mpunga mengi. Yakiwa makavu ni kizuizi kizuri cha joto na hayaozi upesi. Yachekeche kwanza kuondoa punje, maana punje moja huita panya kumi. Usiyaweke karibu na waya za stima zisizopitishwa ndani ya mabomba yake. Vumbi la mbao la kiwandani si zuri sana, maana hunywa unyevu na kuwaita mchwa.

Tano, juu ya kizuizi hicho ndipo mabati na mabomba hulala, halafu mbao za sakafu.

Ukifuata hivyo, upepo utapita chini ya trei bila kugusa mbao za sakafu. Boriti zitakauka na chumba kitabaki na joto lake.

MAONYO KUHUSU MAJI YA SOLA

Sola inaweza kutoa maji ya nyuzi 60 na zaidi. Maji hayo yasiende moja kwa moja chini ya mbao. Sakafu ya mbao isizidi nyuzi 27 upande wa juu, yaani uvuguvugu tu ambao mguu hausikii moto. Kwa hiyo lazima kuwe na valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajaingia sakafuni. Siku za kwanza ongeza joto pole pole, nyuzi chache kila siku, mbao zizoee.

Kabla ya kupigilia ubao hata mmoja, jaza mabomba maji yenye presha na uyaache siku nzima. Kama presha imeshuka, tafuta tundu sasa hivi. Chora pia ramani ya mabomba yalipopita na umpe mwenye nyumba, asije mtu mwingine akapiga msumari juu yake.

Tena tuseme ukweli. Maji hayatembei bila pampu, na pampu haizunguki stima ikipotea. Halafu Julai, wakati baridi imezidi, ndipo jua linapojificha nyuma ya mawingu siku baada ya siku. Kwa hiyo mabomba peke yake si dawa. Ile trei ya maganda ya mpunga haihitaji jua wala stima, na inafanya kazi usiku kucha bila kulipiwa. Fundi akiambiwa pesa zimepungua, aache mabomba kabla hajaacha kizuizi.

KWA WASIO NA PESA ZA MABOMBA

Wengi wetu tuko hapa, na habari ni njema. Nyumba ya nyanya iliyokwisha kujengwa inaweza kuboreshwa bila kung'oa sakafu. Kama kuna nafasi ya kutambaa, trei na maganda vinaweza kuwekwa kutoka chini. Kama haiwezekani, ziba nyufa za sakafu kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi, tandika mkeka, na juu yake zulia au blanketi kuukuu. Kitanda kiinuliwe kutoka sakafuni. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa huwekwa miguuni kabla ya kulala. Hiyo haitoi sumu.

Jiko libaki jikoni, kwenye sakafu ya mawe au simiti, na liwe mahali penye hewa.

NA SISI WA HUKU CHINI?

Mitunguu hatuhitaji kuzuia baridi. Adui wetu ni mchwa na jua. Mtu akitaka sakafu ya mbao huku, azingatie mambo matatu. Mbao zisiguse udongo hata mahali pamoja, pamoja na zile za ngazi. Juu ya kila nguzo aweke kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini, ili mchwa akitaka kupita alazimike kujenga njia yake nje, mahali unapoweza kuiona na kuivunja. Na nguzo ziwe za mawe, au za mti unaojulikana kuvumilia mchwa, kama mukau wa sehemu za Mbeere na Tharaka.

Zamani watu walimwaga aldrin na dieldrin kwenye msingi. Dawa hizo mbili ziliwekwa kwenye orodha ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani katika mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa kuwa hukaa ardhini miaka mingi na kuingia katika chakula. Ukizikuta katika stoo ya zamani, usizitumie wala usizimwage mtoni. Na kama hutaki kukagua nguzo zako kila mwezi, sakafu ya simiti inafaa zaidi huku kwetu. Hakuna aibu katika hilo.

MAJARIBIO MAWILI KABLA YA KUPIGILIA

Jaribio la mbao: Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni. Kipime kwa mizani ya duka na uandike uzito. Kipime tena kila wiki. Uzito usipopungua tena, mbao zimekauka kulingana na hewa ya mahali pale. Kisha zilaze ndani ya nyumba yenyewe wiki mbili hivi. Mbao zilizokaushwa Mitunguu zikipelekwa Timau zitakutana na hewa nyingine, na ni afadhali zibadilike zikiwa zimelala kuliko zikiwa zimepigiliwa. Ukizipigilia, acha nafasi ya nusu inchi hivi pembeni mwa ukuta na uifiche kwa ubao wa pembeni.

Jaribio la simiti: Funika sehemu ya sakafu, nusu mita kwa nusu mita, kwa nailoni safi na uibandike kingo zote kwa gundi ya utepe. Iache siku moja. Ukikuta matone chini ya nailoni, au simiti imekuwa nyeusi, bado ni mbichi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni nani katika jamaa zetu anayelala na jiko chumbani wakati wa baridi? Tutamsaidiaje kabla ya Julai?

2. Chini ya sakafu ya nyumba yako kuna nini? Nenda ukaangalie kwa tochi, halafu uwaambie wenzako ulichokiona.

3. Kwa nini si vizuri kuziba matundu ya chini ya nyumba ya mbao? Tufanye nini badala yake?

4. Mteja akitaka chipubodi kwa sababu ni rahisi, fundi atamweleza nini?

5. Kikundi chetu kinaweza kukodi gari moja kuleta maganda ya mpunga kutoka Mwea? Nyumba ngapi zingefaidika?

Fundi wetu amesoma jibu hili na amempigia simu mwenye nyumba. Wamekubaliana kuanza na nailoni, trei na maganda, na kuacha nafasi ya mabomba ya baadaye. Mama ameulizwa maoni yake naye akasema yeye anataka tu miguu yake isigande akiamka usiku. Tunamtakia fundi kazi njema.